Kuna, Pana, Mna

Miaka miwili nilifundisha Kiswahili huko Uchina,
darasa la watu tisa, hita ikinguruma ukutani,
na somo lililowatesa kuliko yote
ni hili la mahali: kuna, pana, mna.
Kuna, niliwaambia, ni kwa mbali, kwa kukisia.
Pana, ni pale unapoweza kuweka kidole.
Mna, ni ndani, kama kokwa ndani ya parachichi.
(Parachichi lenyewe huko linauzwa moja moja, limevikwa soksi.)

Jumamosi moja wakanipeleka mlimani.
Mlima wa ngazi, jamani! Mawe yamepangwa toka chini hadi juu,
tiketi getini, mama anauza matango yaliyomenywa,
na makoti ya jeshi ya kukodi,
mazito, yananuka jasho la watu wa jana.
Tulipanda usiku ili tulione jua likizaliwa.
Halikuzaliwa. Ukungu ulikikalia kilele
kama mgeni asiyejua kuaga,
nasi tukala mayai ya kuchemsha, meno yakigongana kwa kicheko na baridi.

Ndipo Xu Meiling, aliyejipa jina la Makini,
akafungua daftari, peni ikimgomea:
"Mwalimu, na mlima wa kwenu? Juu kuna nini?"

Mimi, mzaliwa wa Sisimba,
niliyeanika nguo miaka ishirini nikitazamana na Loleza,
niliyejua mvua ya saa tisa
kwa namna mlima unavyovuta shuka hadi mabegani,
sikuwahi kuupanda.
Wa nini? Mlima ni wa kuni na ng'ombe.
Nikasema: "Juu pana chemchemi. Maji yake yanauma meno."
Pana!
Makini akaandika. Akapigia mstari kwa rula.

Nimerudi Julai, na mstari ule nimerudi nao.
Leo alfajiri nimemwamsha Ambwene, mtoto wa dada,
tumefunga viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye gazeti,
tukaipita mikaratusi, tukaingia kwenye nyasi zenye umande wa kukata miguu.
Hakuna ngazi. Kuna njia, kisha hakuna,
kisha kuna mavi ya ng'ombe, mabichi, ya kutuelekeza.
Mama mmoja anashuka na mzigo wa kuni, yeboyebo miguuni,
hahemi hata kidogo.
"Mmepotelewa na nini huko?"
"Hatujapotelewa, mama. Tunatembea tu."
Akatutazama kuanzia viatu.
"Mnatembea," akasema, na kushuka, na kwa mbali nikamsikia akicheka peke yake.

Juu, ukungu.
Ule ule, ningeapa, umenifuata na pasipoti yake.
Juu pana minara ya simu, inavuma kama mzinga.
Pana uzio, geti, kufuli.
Pana kijana mlinzi, Mwashiuya, ndani ya koti zito la kijani
(nilitaka kumuuliza analikodi shilingi ngapi).
"Chemchemi?" Akakuna kidevu.
"Hapa juu hapana, mwalimu. Nani kakudanganya?"

Ambwene akanigeukia, akingoja jina la huyo mwongo.
Nikakaa kwenye jiwe. Nikamenya kiazi taratibu,
kama mtu anayesahihisha mtihani wake mwenyewe.

Mwashiuya akaingia kibandani, akatoka na dumu la njano.
"Ila maji yapo. Huwa nayateka kule bondeni, nayapandisha kwa bega.
Yamelala nje usiku kucha."
Akanimiminia kwenye kikombe cha bati kilichobanduka rangi.

Nikanywa.
Fizi zikashtuka, jino la nyuma likapiga yowe,
machozi yakanitoka, Ambwene akaruka kwa furaha.

Makini, fungua daftari.
Pale nilipokuandikisha pana, futa.
Andika kuna; kule bondeni, kwa kukisia, sijafika bado.
Kisha chini yake, bila rula:
kinywani mwa mwalimu
mna.