Shimo la Saba

Mashine ya Bwana Tadei hulia kama mtoto mwenye kwikwi.
Jumatatu uwanja wa gofu wa Malindi hufungwa:
mimi nakata nyasi, yeye anaipima ardhi
kwa sahani iliyofungwa mwisho wa fimbo.

Kifuniko cha soda. Kifuniko cha soda.
Risasi iliyopinda. Kitasa.
Kisha pesa ya shaba, nyeusi kama kokwa ya ukwaju,
mizani imechorwa upande mmoja,
vitanga vyote viwili vitupu.
Akaibusu. Akaniambia niifiche soksini,
msimamizi asije akatunusa.

Karibu na shimo la saba ikalia tena, nzito,
bila kupumua.
Nikakata kwa kisu, nikalifunua gamba la nyasi
kama mfuniko wa sufuria.
Jembe. Limeliwa na kutu hadi likawa kijiko.

"Takataka," akasema, akasonga mbele.

Bibi yangu aliitwa Dhahabu wa Mwaringa.
Alilima muhogo hapa, kabla ya vibendera,
na hadi anakufa alikuwa akiuliza
nani aliondoka na jembe lake.

Nimelirudisha chini. Nimezikanyaga nyasi vizuri.
Kesho watapiga mipira juu yake,
na ile pesa ya mizani
bado inanikwaruza kifundo cha mguu.