Usukani wa Tilen

Ameileta saa mbili usiku, gondola imeshalala,
nyaya zinaning'inia juu ya misonobari ya Pohorje
na matope ya mlima mzima yamemganda hadi kwenye nyusi.
"Inalia, shangazi. Kona ya tatu, inalia."
Mimi si shangazi yake. Ila kila anayedaiwa na karakana hii
huniita shangazi.

Naitundika kwenye stendi.
Baiskeli ya bei ya gari, na si gari kuukuu,
imekuja kwangu inakoroma kama mlevi mwenye mafua.

Naanza na beringi za mkono wa nyuma. Nachomoa ya kwanza,
naizungusha kwa kidole: haizunguki, inasaga.
Palipokuwa na grisi pana uji wa kutu.
"Uliosha na nini?"
"Mashine ya presha."
"Ukaielekeza wapi?"
Anaangalia viatu vyake.

Nane nje. Nane mpya ndani, kwa kukandamiza taratibu, wima,
maana beringi iliyoingia upande
haitoki bila matusi.

Kisha uma wa mbele. Nafungua miguu yote miwili juu ya beseni
na mafuta yanachuruzika meusi, haba,
hayatoshi hata kukaangia yai.
"Mwezi wa nne haya yalikuwa rangi ya asali."
Nabadilisha mipira ya vumbi, nalowesha pete za sifongo,
napima mafuta mapya kwa bomba la sindano.
Bomba ni jipya. Mkono ni ule ule
uliompimia mama dawa, majira yale ya baridi,
na haukumwaga tone.

Breki: viputo vinapanda kwenye mrija, kimoja, kimoja,
na kila kiputo ni hatua moja ambayo asingesimama.
Yeye hatazami. Yuko na Jumapili yake.
"Nusu sekunde, shangazi. Mwaka jana ilikuwa nusu sekunde tu."
Nadonoa spoku moja moja, natega sikio.
Nusu sekunde, nafikiri, ndiyo hii hii
inayonitosha kujua ipi imelegea.

Nilikuwa nimemaliza. Nilikuwa nafuta usukani tu,
kwa mazoea, kama mtu afutavyo meza kabla ya kulala,
kitambaa kikakwama karibu na shingo.
Uzi mmoja ukabaki.

Nikapitisha ukucha. Nikapitisha tena.
"Ni rangi tu hiyo," akasema, haraka mno.
Nikamulika tochi.
"Funga hivyo hivyo. Mbio moja! Jumatatu nanunua mwingine."

Ufa wa ukuta huzibwa, na usipozibwa
ukuta huanguka na mtu hujenga tena.
Kaboni hainami, haipindi, haitoi taarifa.
Inanyamaza mpaka kwenye mawe.

Sikubishana naye. Nilivaa barakoa,
nikaubana usukani kwenye jiriwa, nikashika msumeno.
"Zdenka!" Jina langu, leo, mara ya kwanza.
"Miezi miwili nimeosha vyombo pale hotelini!"
Vumbi jeusi likadondoka kwenye magazeti.
Nikachukua kipande chenye ufa, nikakipinda
kwa mikono mitupu ya mwanamke wa miaka hamsini na mitatu.

Kikaachia kama kijiti cha mkate mkavu.
Hakikupiga hata kelele.

Tulisimama. Friji ya soda ilinguruma, ikanyamaza.

Ukutani nilikuwa na usukani wa alumini, wa buluu,
uliochubuka mwaka ambao mimi mwenyewe niliacha kushuka.
"Una gramu mia zaidi," akasema.
"Mia na kumi."
Spana ikabofya mara nne. Nikarudia, ikabofya mara nne.

Daftarini: beringi nane, mipira miwili, mafuta, pedi.
Usukani sikuuandika.

Akatoka nao uani, chini ya taa,
akashuka ngazi tatu za bohari, akazunguka, akashuka tena.
Akarudi mlangoni, mguu mmoja chini.
"Hailii," akasema,
kwa sauti ya mtu anayelalamika.