Isinywewe Hapa

Leseni yangu imetundikwa juu ya friji,
ndani ya fremu iliyokuwa ya picha ya harusi ya dada.
Nzi amefia kati ya kioo na muhuri.
Inasema niuze,
na ninachouza kisinywewe hapa.

Hapa ni Zimmerman, nyuma ya posho mili,
futi nane kwa sita,
nondo toka sakafuni hadi darini
na tundu moja la kupitishia chupa,
pana kama kisosi.

Kwa hiyo nyuso sizijui sana.
Najua mikono.

Mkono wa mwashi una simiti chini ya kucha,
huacha vumbi jeupe kwenye noti.
Mkono wa karani huingia na kutoka
kama uliogusa sufuria ya uji.
Upo mmoja unaotetemeka saa tano asubuhi
na ukirudi jioni umetulia, tuli,
unaweza kutunga uzi kwenye sindano.
Askari wa kaunti huingiza kiganja kitupu.
Hicho ndicho kizito kuliko vyote.

"Nenda ukanywee kwingine," huwaambia
wanaofungulia vifuniko kizingitini.
"Kwingine wapi, Mama Nthenya?"
aliniuliza Gathogo siku moja, si kwa ubishi,
alitaka kujua kweli.
Niligeuka nikaisoma leseni upya.
Haikuandikwa.

Jumanne ile kulikuwa na manyunyu, stima imepotea.
Nimewasha mshumaa juu ya kreti.
Ukaja mkono nisioujua,
mkavu, unanukia sabuni ya mche,
ukaingiza chupa.
Ukaingiza. Miaka tisa dukani,
chupa hutoka, haziji.
Ikafuata ya pili, ya tatu.
Nilihesabu kumi na moja, tupu, zimeoshwa,
na kwenye kila moja bei kwa kalamu yangu nyekundu,
ile nne yangu isiyofunga kichwa.

"Ni zako?"
"Ni zangu."
Nikakaza tumbo kusubiri matusi.
Nimeshalaaniwa na wake, na mama wakwe,
na mhubiri mmoja mwenye kipaza sauti.

"Mimi ni mke wa Ambani.
Tulimzika Jumamosi, Emuhaya.
Nataka kuuliza tu.
Akiwa hapa, alikuwa anaongea?"

Ambani: mkono wa kushoto,
kidole cha shahada kimeishia kwenye kifundo,
mashine ililamba kilichobaki.
Aligonga kaunta mara mbili.
"Nipe robo ya dawa ya kutu."
Alicheka vichekesho vyake kabla havijafika mwisho,
hata mwisho wenyewe ukapotea.
Alinieleza jinsi ya kuchomelea mlango usilie.
Alisema akistaafu atafuga sungura,
kwamba sungura hana kelele, na kodi halipi.

Nilimwambia yote hayo.
Kimya kule nje, maji yakidondoka toka kwenye mabati.
"Sungura," akasema.
Kisha: "Mimi alininyamazia miaka sita."

Hapo ndipo nilipoongeza langu.
Sikuombwa.
"Alikutaja pia."
"Aliniita nani?"

Mwenye kuuza pombe hujifunza kujibu haraka:
haina maji, haijapita muda, deni lako ni hili.
Nilikawia.
"Alisema, mtu wangu.
Ngoja niende, mtu wangu hajalala."

Mkono ulikuwa bado kwenye tundu.
Nta ya mshumaa ilishuka hadi kwenye kreti.
"Huo ni uongo," akasema.
Hakuutoa.
"Hebu rudia."

Nikarudia.

Zile chupa nilimpa muuza asali wa stejini.
Alichukua kumi. Moja, alisema,
ina ufa.