Bei ya Kibonyo

Gari ni la kaka yangu Muthengi, nimeliazima tu,
na mlango wa kushoto umebonyea.
Nguzo ya kule Ngara haikusogea.
Aliyesogea ni mimi.

Barabara ya Kirinyaga, saa nne asubuhi.
Fundi Nyongesa anachuchumaa, anafumba jicho moja,
anautazama mlango kwa ubavu
kama mtu anayechungulia chupa imebaki kiasi gani.
"Mwalimu," asema, "hili ni bonde."

Bonde!
Bonde lina mto, bonde lina ng'ombe na ukungu.
Mimi nafundisha visawe, jana tu niliwaandikia ubaoni:
kibonyo, kishimo, kifinyo,
na chaki ikanivunjikia kwenye kifinyo.
Hiki ni kibonyo, fundi.
Gumba likibonyeza tonge la ugali
ili mchuzi upate pa kukaa,
huacha kitu kama hiki.

"Kibonyo ni elfu moja na mia tano," akasema.
"Bonde ni elfu nne."

Kumbe mtaa huu neno huuzwa kwa uzito!
Nikashuka ngazi moja: kifinyo.
Akacheka hadi nyundo ikamponyoka.
"Kifinyo kiko shavuni mwa Nafula wangu.
Akitabasamu, mwenye nyumba husahau kodi.
Mlango wako unatabasamu?"

Kishimo, basi.
"Kishimo kina sakafu. Watoto hucheza gololi humo."

Kutoka chini ya lori, miguu miwili yenye grisi ikasema:
"Hiyo ni denti, mathe."
"Nyamaza, Kimotho. Denti ni ya watu wa bima,
na hawa hawajaja na bima."

Tukakwama hapo, kati ya bonde na kifinyo,
jua likipanda juu ya mabati,
mpaka Mama Ngendo akapita na chai.
Sufuria yake, ubavuni, ilikuwa na pigo
la kutosha kulaza yai.
Nikamuuliza, pale wewe unapaitaje?
"Napaita nini? Imebonyea tu.
Kanjo waliirusha mtaroni pale Globu,
chai yote ikaenda, mimi nikabaki na mfuniko."
Nyongesa akasema ataigonga bure, dakika mbili.
Mama Ngendo akaikumbatia ikiwa moto vile vile.
"Usiniguse sufuria! Maji yakifika hapo pameingia,
ni vikombe ishirini, si kumi na tisa.
Ukiinyoosha, nitapimia nini?"

Nikanywa chai yangu kimya.
Katika maneno yangu yote ya ubaoni
sikuwa na hata moja la kupimia maji.

Elfu mbili, tukakubaliana, na jina likaachwa bila kutajwa.
Akaung'oa mlango ngozi ya ndani,
akaweka gogo huku, nyundo kule,
akagonga polepole, kutoka nyuma,
kwa sababu, alisema, palipoingia
hapapigwi usoni.
Ko. Ko. Ko-ko.
Bati likapanda kidogo kidogo
kama shavu la mtoto aliyekuwa amenuna.

Saa nane rangi ikakauka. Jicho halikuona kitu.
Lakini nilipopitisha kidole, karibu na kitasa,
kikateleza, kikazama upana wa punje ya mchele,
kikatoka.
Na hiki, fundi? Hiki nacho kinaitwaje?
Nyongesa akajifuta mikono kwa kitambaa kilicho kichafu kuliko mikono.
Akakitafuta, akakipata, akafikiri.
"Hicho hakina jina," akasema. "Hicho ni bure."

Jioni Muthengi alilizunguka gari lake mara moja,
akipapasa bati kama anavyowapapasa mbuzi kabla ya kununua.
Karibu na kitasa, kiganja kikasimama.
Akaniangalia.
Visawe vyote vikanitoka.

"Ingia tule," nikamwambia. "Ugali unapoa."