Mgongo Kiwanjani

Usinunue tiketi ya safu ya kwanza, Delphine.
Huko watu huenda kuonekana.
Chukua safu ya kumi na tisa, upande wa besi ya tatu:
saa kumi jua likijificha nyuma ya jengo la benki
kivuli kitaanzia mapajani mwako,
na wenzako wa ng'ambo watabaki
wamekunja nyuso kama waliolamba ndimu.

Karanga nunua nje, kwa Orsolya,
mwenye kigari chenye gurudumu linalolia.
Za ndani ni zilezile, bei tu ndiyo imepanda ngazi.
Beba koti. Najua ni Julai.
Ziwa Erie halina kalenda.

Njoo milango ikifunguliwa,
wapigaji wangali wanapasha misuli
na mipira inaangukia viti vitupu, ta! ta!
Hutagombana na mtu ila Bwana Pruitt,
miaka themanini na glovu ya mtoto mkononi.
Mwachie mmoja. Anasema ni wa wajukuu.
Wajukuu wenyewe sijawahi kuwaona.

Ukiandika mchezo, andika kwa penseli.
Mwamuzi hubadili neno, na wewe utapiga chafya
mtu akiiba besi.
Simu itie mfukoni: mpira uliopotoka haupigi hodi.
Muulize Gaspard wa duka la soseji
meno yake mawili yalikwenda wapi.

Choo? Cha juu, nyuma ya pipa la haradali.
Hakina foleni kwa sababu hakina kibao.
Usimwambie mtu.

Na mvua ikinyesha usikimbie.
Wenye viti vya pesa nyingi ndio wa kwanza kukumbuka magari yao.
Wewe jibanze chini ya paa, tafuna karanga zako,
na mawingu yakikatika, teremka taratibu
hadi safu utakayoipenda.
Mimi sitakuona.
Kamba ya kiatu changu hufunguka kila mvua inapokatika,
na kuifunga huchukua muda.

Unacheka. Unadhani nimeyajua haya kwa kutazama.

Miaka thelathini na moja nimesimama penye ngazi hizi,
beji kifuani, TAD, kitambaa cha kupangusia viti begani,
na kanuni ya kazi ni moja: uso kwa watu,
mgongo kiwanjani.
Sijaona mpira hata mmoja ukivuka ukuta.
Nimeona videvu vikiinuka, mia nne kwa mpigo,
vikageuka polepole kutoka kushoto kwenda kulia
kama alizeti zenye haraka.
Mrushaji akianza kuchoka, hakuna anayeniambia:
akina mama huanza kutafuta kofia za watoto.

Usiku ule ambao mrushaji wetu hakuguswa,
awamu tisa, hakuna mgeni aliyeonja besi,
mimi nilijua tangu ya sita.
Anselmo aliitua trei ya bia chini, hakunadi tena.
Wachumba waliokuwa wakigombana wakashikana mikono,
wangali wamenuniana.
Na binti mmoja, safu ya nne,
aiskrimu ikamtiririka hadi kwenye kiwiko, asiilambe.
Wengine wana picha za usiku ule.
Mimi nina kiwiko.

Kwa hiyo hili la mwisho ni ombi zaidi ya nasaha.
Awamu ya nane, tukiwa nyuma kwa mikimbio sita,
watainuka mmoja mmoja, funguo mikononi,
wananiaga kwa adabu, "Usiku mwema, Tad,"
na viti vitajikunja nyuma yao, tap, tap, tap.
Asiyekuwepo na lake halipo, sawa,
lakini mimi nipo, na kiti kitupu
hakinisimulii kitu.

Kaa, Delphine. Kiti cha pembeni, chini ya taa.
Usinipungie mkono, msimamizi ni mkali.
Tazama tu huko ninakokupa mgongo,
na uso wako usiufiche.