Kipimo cha Saa Tisa

Saa tisa usiku, mjini Suri. Mtambo wa maji
unanguruma kama ng'ombe aliyeshiba. Zamu yangu.
Kila saa nachota kikombe, natumbukiza kipima,
naandika daftarini chumvi iliyosalia.
Kazi ya dakika nne. Hamsini na sita zinazobaki
ni za Mungu, nilisema mwezi wa kwanza.
Nilisema kwa kinywa kipana.

Piga magoti basi, Mghoi.
Nikapiga. Vigae, baridi ya kiyoyozi.
Ee Bwana, nimekuja,
na kabla "nimekuja" haijatua
nilikwisha ondoka:
niko Wundanyi nahesabu mabati,
kaka alisema thelathini na sita, picha ina thelathini na manne,
nani kayachukua;
niko kwenye simu, mtu nisiyemjua anapika biriani,
mwingine anauza viatu, mwingine analia kwa kucheka,
na kidole changu chapanda, chashuka,
mchi katika kinu kitupu.
Kengele ya saa kumi ikalia.
Magoti yalikuwa pale pale.
Mimi sikuwapo.

Zuweina, tunayepokezana zamu, ambaye mama yake
alizaliwa Unguja, alinitazama akavua viatu vya kazi:
"Weye bibi, mwili u Suri,
roho i safarini bila tiketi."
Nikacheka. Kisha nikaudhika njia nzima hadi bwenini.
Angenitukana ningejua pa kuliweka.

Ijumaa tulipanda basi, saa mbili na nusu hadi Ghala,
kusali na wenzetu.
Mchungaji alihubiri mpaka shati likamganda mgongoni.
Sikumbuki hata neno.
Nakumbuka kilemba cha mama wa mbele yangu:
zambarau, na uzi mmoja umechomoka.

Basi wakaja kufungua chujio namba tatu.
Mimi nimeshika tochi, fundi amechafuka hadi viwiko.
Utando ulikuwa na ute, rangi ya chai ya maziwa.
Nikauliza, umeharibika?
Akashangaa. "Kuziba ndiyo kazi yake.
Kuosha ndiyo yetu. Tazama kalenda."
Wala hakuupiga kofi.
Akaufungulia maji, akaanza kupiga mluzi.

Sikulala mchana ule.
Bahari haitoi maji matamu kwa kubembelezwa,
husukumwa, tena kwa nguvu ya kupasua chuma;
na chumvi haiuawi,
hurudishwa ilikotoka, kesho ikaja tena.
Nami nilitaka kichwa kinyooke
kwa sababu nimekionea haya.

Usiku, simu nikaitia ndani ya buti,
buti nikaliacha kwa mlinzi, akanidhania mgonjwa.
Nikachukua maneno mawili tu, sikuweza kubeba zaidi:
Bwana, nipo.
Mabati. Bwana, nipo.
Biriani. Bwana, nipo.
Ada ya Mkamburi muhula wa pili, goti linaniwasha,
hivi mlango wa pampu nimefunga?
(Nilifunga.) Bwana, nipo.
Nilirudi mara arubaini na moja.
Kesho yake arubaini na nne,
nikagundua kuhesabu nako ni biriani,
nikaichana karatasi.

Wiki zikaenda hivyo. Usiku mmoja, sijui wa ngapi,
nilisikia mtambo.
Mngurumo wenyewe, na chini yake kitu kama pumzi,
na sikuwa mahali pengine popote duniani.
Pengine dakika. Pengine chini ya hapo.
Kisha goti likaniwasha.

Kipima changu hakijawahi kusoma sifuri.
Hata maji yakitoka safi mno hatuyapeleki mjini,
hula mabomba;
huyarudishia chokaa kidogo, madini kidogo,
ndipo mtu anywe.

Kwa hiyo usiku wa jana, mabati yalipokuja,
kwa saa yao ile ile, sikuyafukuza.
Bwana, nipo, nikasema.
Na haya hapa mabati mawili.
Na kaka yangu, ambaye labda aliyauza, labda ana njaa,
na mimi sikumwuliza.

Kengele.
Nikainuka nikachota kikombe.