Kulwa na Kulwa

Bi Nyamizi alinipigia saa tatu usiku, Cheyo yote giza:
programu imekufa tena,
imekufa hata dirisha halijafunguka.
Miaka sita ya chavua,
asali ya Sikonge, ya Urambo, ya Kaliua,
kila chupa na namba yake,
na ripoti inatakiwa Ijumaa.

Nikaenda na baiskeli.

Kompyuta ya ofisi, ya Windows, feni inakoroma.
Ndani yake watu walishapanda Yuniksi mara tatu:
mmoja alitaka ramani,
mmoja alitaka takwimu,
wa tatu, kijana wa mafunzo aliyekwishaondoka,
alitaka amri moja tu ya kutafuta maneno.
Kila mmoja alikuja na mafiga yake, chungu chake, chumvi yake,
na alipoaga
alisukuma folda yake mbele ya foleni.

Nikaisoma ile njia folda kwa folda
kama msafiri anavyosoma ubao pale stesheni:
Kigoma, Mwanza, Mpanda.
Programu haisomi ubao.
Hupanda behewa la kwanza linalosimama.

Nikazikuta.
Faili mbili, jina moja, herufi kwa herufi;
moja ya mwaka huu, moja ya miaka tisa nyuma,
na kikongwe ndiye aliyekaa mlangoni.

Mimi ni Shija. Wa kwetu ameshaelewa:
nilizaliwa nyuma ya mapacha.
Hata waliotoka tumbo moja, usiku mmoja,
mmoja huitwa Kulwa na mmoja Doto,
ili mama akiita, aitike mmoja.
Nani aliwaita hawa wote Kulwa,
akawafungia nyumba moja,
kisha akashangaa hakuna anayelala?

"Futa mmoja," akasema Bi Nyamizi.
Nikakataa.
Ukimfuta mzee, ramani zinakufa.
Ukimfuta kijana, chavua.
Wala usimbebe huyu kumtia kwa yule ukidhani unapatanisha;
nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza kazini,
nikalala ofisini siku mbili, juu ya maboksi.

Nikafanya kazi ya mvivu:
nikawatoa wote barabara kuu,
nikaandika faili dogo kwa kila programu, mistari minne:
ukiamka, tazama kwanza nyumba yako,
kisha ya Windows, basi;
ukilala, sahau.

Nikafunga kila kilichokuwa wazi. Nikafungua upya.
Skrini nyeusi. Kimstari kinapepesa.
Bi Nyamizi akaacha kutafuna kalamu.

Saa sita kasoro, mstari wa kwanza:
Sikonge, chupa ya kumi na saba, mtundu, asilimia arobaini na moja.

Akanipa chupa ya asali isiyo na namba.
Nyumbani kabatini tulikuwa na nyingine kama hiyo hiyo.
Nikatafuta karatasi, nikatafuta gundi,
mke wangu akauliza kama nina akili timamu.